Usukani Uko Majini

Mara ya kwanza nilipoachiwa mashua niiongoze, nilikuwa nimeshaendesha gari zaidi ya miaka kumi. Tulikuwa tunarudi Nungwi asubuhi, samaki tele, upepo unatupiga ubavu wa kulia. Nahodha alitaka kunywa uji wake kabla haujapoa, akaniita nyuma. “Shika kana,” akasema. Nikatazama huku na huku, sijui kana ni kipi. Akanishika mkono na kuuweka juu ya mti uliolainika kwa miaka ya viganja vya watu. “Omo ielekee mnara wa taa. Isitoke hapo.”

Ilitoka. Ilipokwenda kulia nikafanya kama nifanyavyo barabarani: nikavuta kushoto. Mashua ikazidi kwenda kulia, tanga likaanza kupigapiga, na vijana wawili waliokuwa wamelala mbele wakainuka wakinitazama kama mwizi. Mzee wala hakuweka bakuli chini. “Mwanangu, hii si gari. Usukani uko majini. Hicho ulichoshika ni kana.”

Nimefanya kazi ya maneno muda mrefu, lakini siku ile ndipo nilipoelewa neno nililokuwa nalitumia kila siku. Usukani, kwa watu wa bahari, ni ule ubao mpana unaoning’inia nyuma ya chombo na kuzama majini, umeshikizwa kwenye fashini, yaani gogo lililosimama mwisho kabisa wa chombo. Kana ni mti unaotokeza kwenye kichwa cha usukani kuja ndani, ambao ndio mtu anaushika. Ukiipeleka kana kushoto, ubao ulio majini unakwenda kulia, maji yanaupiga, nyuma ya chombo inasukumwa kushoto na mbele inaelekea kulia. Gari hugeuzwa kwa magurudumu ya mbele. Chombo hugeuzwa kwa nyuma, na mbele hufuata. Ndiyo maana mkono wa dereva na mkono wa nahodha hukosana.

Neno lilipopanda nchi kavu likang’ang’ania kile ambacho dereva anakishika, yaani gurudumu, na kana ikaachwa ufukweni. Silalamiki. Maneno husafiri kama watu, na mengi ya kwetu yalitoka melini na hayakurudi. Nahodha ametoka Uajemi, akakaa kwenye majahazi yetu karne kadhaa, na sasa anavaa kitambaa mkononi akiongoza timu ya mpira. Rubani alikuwa mtu wa kuingiza vyombo bandarini akikwepa miamba. Siku hizi ukimtaja, watu wote wanatazama juu. Hata kwenda mrama, ambako kwa baharia ni chombo kuyumba ubavu huu na huu, tunakukuta zaidi kwenye habari za siasa na ndoa kuliko baharini. Methali ya nahodha wengi bado inasemwa, lakini jaribu kumuuliza mwanafunzi wa sekondari mrama ni nini hasa.

Neno ninalolionea huruma ni dira. Tanzania iliandika Dira ya Maendeleo 2025, sasa ipo ya 2050, na katika mazungumzo yetu dira imekuwa picha ya mahali tunapotaka kufika. Chombo chenyewe hakifanyi kazi hiyo. Dira ya jahazi inakuonyesha kaskazini iko wapi, basi. Haijui Mombasa wala Mukalla, haijui mkondo unakusukuma kiasi gani, wala haijali kama umekosea. Hesabu ya safari ni ya nahodha.

Turudi kwenye mbao, maana huko ndiko majina yanakonoga. Ukienda pwani ya Nungwi, au Matondoni kule Lamu, utakuta chombo kikiwa bado mifupa mitupu mchangani. Chini kabisa ni mkuku, gogo refu lililonyooka linalobeba kila kitu. Mbele yake unainuka mti wa hanamu, ule unaokata maji, na nyuma fashini. Ndani, kutoka mkukuni kupanda ubavuni, ni mataruma.

Fundi mmoja niliyemkuta huko alikuwa na lundo la matawi yaliyopinda ambayo mimi ningeyaona kuni. Aliokota moja, akalilaza juu ya mbao za ubavu, akalinyanyua, akaligeuza, akalilaza tena. Halikukaa. Akachukua jingine, nalo likakaa kama limezaliwa hapo, akaanza kulichonga kwa tezo, vibanzi vyembamba vikiruka hadi miguuni kwangu. Nilimuuliza kwa nini asikate ubao mnene akaupa umbo analolitaka kwa msumeno. Akanionyesha nyuzi za mti kwa ukucha: kwenye tawi lililopinda lenyewe, nyuzi zinafuata kona mwanzo hadi mwisho. Ukilazimisha kona kwa msumeno, unazikata nyuzi katikati, na wimbi la kwanza zito litapasua pale pale. Kwa hiyo fundi wa vyombo akitembea msituni anatazama matawi kabla ya mashina. Mlilana, ule mkoko unaostahimili kuzungukwa na maji ya chumvi, unapendwa kwa kazi hii.

Umewahi kusikia mataruma, hata kama hukuwahi kuona jahazi. Yale magogo, na siku hizi zege, yanayolala chini ya reli yanaitwa hivyo hivyo. Aliyelihamisha neno alikuwa na jicho zuri. Taruma la jahazi hukamata mbao nyingi zisiachane. Taruma la reli hukamata vyuma viwili visiachane. Mlingoti nao umehama kwa heshima zake, ukabeba bendera, kisha ukaenda uwanjani kugongwa na mipira.

Mbao zikishakaa, mianya baina yake inatiwa pamba iliyolowekwa mafuta, inashindiliwa kwa patasi butu na nyundo. Huko ndiko kukalafati, na mlio wake unausikia kabla hujaiona pwani yenyewe. Kisha nje hupakwa sifa. Usitabasamu: sifa hii ni mafuta ya papa, na harufu yake haina uhusiano wowote na kusifiwa.

Sasa panda ndani. Mbele ni omo. Nyuma ni tezi, wengine husema shetri. Najua vijana wakisikia tezi wanafikiria hospitali, lakini neno hili la chombo ni jingine, yamegongana kwa sauti tu. Kati ya omo na tezi, chini kabisa palipo karibu na mkuku, ni ngama. Maji yakivuja mbele yatateremka ngamani, yakivuja nyuma yatateremka ngamani, na wimbi likiruka kutoka ubavuni mwisho wake ni huko. Ndiyo maana wahenga wakasema tezi na omo marejeo ni ngamani. Watu wengi wanaitumia methali hii kwa mtu anayezunguka duniani na kurudi kwao, na wako sawa, ila nguvu yake huipati mpaka uwe umesimama ngamani na upo mkononi, unafua maji. Upo ni kile kikata cha mbao cha kutekea. Kufua maji ni kuyatoa chomboni, na hakuna sabuni hapo.

Nilidhani pande mbili zilizobaki zitakuwa kushoto na kulia. Hapo nilichelewa kuelewa kuliko mahali pengine popote. Kwenye chombo cha tanga pande zenye maana ni goshi na demani. Goshini ni upande upepo unakotoka, demani ni upande upepo unakokwenda. Chombo kikigeuka, goshi inahamia ubavu wa pili, na aliyekuwa amekaa demani anajikuta goshini bila kunyanyuka. Mtu wa nchi kavu huona huo ni usumbufu. Lakini fikiria kazi zenyewe. Wa kuhama ili kusawazisha uzito huhamia goshini, kwa sababu chombo kinalalia demani. Chakula kinapikwa demani ili moshi na cheche ziende baharini. Anayetapika, kwa maombi ya wenzake wote, aelekee demani. Hakuna hata moja kati ya hayo linalotegemea kushoto wala kulia. Yote yanategemea upepo, na lugha ya wenye chombo ikagawa dunia kwa upepo. Tukumbuke kwamba hata kaskazini na kusini zetu zimebeba majina ya pepo mbili, kaskazi inayovuma kuanzia Desemba na kusi inayoanza mnamo Aprili. Demani yenyewe ni jina la majira pia, ile miezi ya utulivu kusi inapochoka.

Na pale upepo unapotoka hasa unakotaka kwenda, unabisha. Leo kubisha ni kukataa kila unaloambiwa. Baharini ni kazi ya subira: chombo hakiwezi kwenda usoni mwa upepo, basi unakwenda mshazari upande huu, unageuza, unakwenda mshazari upande ule, na kila mkato unakusogeza kidogo. Kwa jahazi kazi hii ni nzito. Tanga la pembe tatu limefungwa kwenye foromali, ule mti mrefu unaokaribia urefu wa chombo chenyewe, mara nyingi umeungwa kwa miti miwili au zaidi. Kila ukibadilisha upande, foromali inabidi isimamishwe wima na kupitishwa mbele ya mlingoti mpaka upande wa pili, huku tanga likipepea kama bendera na watu wakishikilia kwa nguvu zao zote. Mlingoti wa jahazi hauko wima, umeinamia mbele. Mwinamo huo ndio unaoacha nafasi ya foromali kuzunguka.

Katika dakika ile utajua kwa nini chombo hakina kitu kinachoitwa kamba. Kipo kwenye mzigo, dukani, nyumbani, kazini hakipo. Henza ni ile nene inayopita kichwani mwa mlingoti na kuibeba foromali. Jarari ni ile inayopita kwenye makapi, yaani roda, na kuipa henza nguvu ya kuvutwa. Amari ni ya nanga. Ukipiga kelele “achia kamba!” katika tufani, watu watano wataachia kamba tano, na foromali itawashukia vichwani. Ukisema “jarari!”, mmoja tu anajua ni yeye.

Watu hunitegemea nipigane na maneno mapya, na huwa nawavunja moyo. Meli ni neno la Kiingereza lililokuja na vyombo vya posta, manuwari nalo ni la Kiingereza, na yote mawili yamekuwa yetu kabisa. Injini iitwe injini. Kamusi ina rafadha kwa lile panga linalozunguka majini, neno zuri, lakini ukimwomba fundi wa mashine rafadha, utasubiri. Ninapokasirika ni pale neno tunalo na bado tunaazima. Uzito unaowekwa chini ya chombo kitupu ili kisipinduke, uwe mawe, mchanga au, kwa meli za leo, maji ya bahari yanayojazwa kwenye matangi, jina lake ni farumi. Mkataba wa kimataifa unaodhibiti maji hayo, kwa sababu hubeba viumbe kutoka bahari moja kwenda nyingine, ulianza kutumika 2017. Nimesoma maelezo ya Kiswahili kuhusu jambo hili yaliyozunguka sentensi tatu kulielezea, na farumi haikutajwa hata mara moja.

Asubuhi ile ya Nungwi, mzee alimaliza uji, akalamba kidole, akachukua kana kutoka mkononi mwangu. Omo ikarudi kwenye mnara kwa msukumo mdogo ambao hata sikuuona. Kisha akanipa upo na kunionyesha ngamani, ambako maji yalikuwa yameshafika kwenye vifundo vya miguu.