Kidato cha Kamba

Kabla ya kuwa darasa la sekondari, kidato kilikuwa mnazini: ule mkato ambao mkwezi huutia shinani kwa panga apate pa kukanyaga. Katika mashamba ya pwani iko minazi iliyochanjwa hivyo tangu chini hadi juu, na mikato ya zamani bado iko wazi kama ilivyokatwa. Mnazi hauna lile tabaka hai chini ya gome linalouwezesha mwembe kuziba majeraha yake. Ukishakatwa, umekatwa.

Ndiyo maana wako wanaopendelea kidato cha kufunga. Kerala, kusini mwa India, wagema hufunga makumbi ya nazi shinani kwa safu, yakawa ngazi. Kwingine hutumika kipande cha ubao mgumu na kamba, basi. Mtu wa kilo 70 anasimama juu ya ubao usio na msumari hata mmoja. Umeshikwa na nini?

Wengi watasema fundo, na sivyo. Kazi kubwa hufanywa na msuguano wa kamba na shina, na msuguano huo haukui kwa kujumlisha bali kwa kuzidisha. Mwanahisabati wa Uswisi, Leonhard Euler, aliionyesha hesabu yake katika karne ya 18. Kwa msuguano wa kadiri, kamba iliyozungushwa mara moja humwezesha anayevuta kwa kilo 1 kuzuia kilo 6 na ushei. Ikizungushwa mara mbili, kilo zaidi ya 40. Baharia anayezuia jahazi gatini kwa kuizungusha amari kwenye nguzo anaijua hesabu hii bila kuisoma.

Kisha kuna ubao wenyewe. Kamba hupita kwenye tundu karibu na ukingo wa juu, na upande unaogusa shina huchongwa uingie ndani kidogo, kama mwezi mwandamo, ukumbatie gome. Mguu ukikanyaga sehemu ya nje, ubao hutaka kupinduka: ukingo wa chini unagandamiza shina, wa juu unaivuta kamba. Uzito ule ule unaotaka kukiteremsha kidato ndio unaokikaza. Hapa ndipo wanaoanza hushangaa, kwani anayebana mguu karibu kabisa na shina, akidhani ndipo penye usalama, ndiye anayeteleza nacho. Wenzo umekuwa mfupi mno, kamba haikuvutwa vya kutosha.

Fundo, basi, kazi yake ni kutunza mkazo usipotee. Linalotumika sana ni la mizunguko miwili, wa pili ukiuvuka wa kwanza na ncha ikipita chini ya mvuko. Ni jepesi kufunga, lakini hulegea likikanyagwa na kuachwa, likakanyagwa na kuachwa, na kidato hakina maisha mengine. Ncha mbili zikipindwa pamoja mara moja chini ya mvuko ule, fundo hung'ang'ania hata kulifungua kukahitaji kisu.

Kamba ya katani au ya makumbi nayo ina tabia zake. Ikilowa, nyuzi hunenepa na kamba hufupika. Ikikauka hurefuka tena. Kidato kilichofungwa alfajiri kwa kamba yenye umande huwa kimelegea ifikapo saa sita mchana. Mkwezi mwangalifu hukitingisha kila kimoja kwa mkono kabla ya kukipa mguu, na kiunoni ana kitanzi kingine kinachouzunguka mti. Kamba za plastiki hazifupiki na kurefuka hivyo, ila huteleza kwenye gome laini, na jua huzila kimyakimya.

Kwenye mwembe shida hugeuka. Shina lake hunenepa mwaka hadi mwaka, na kamba iliyosahauliwa humezwa na gome, ikaziba njia ya chakula kinachoshuka kutoka majanini kwenda mizizini. Shina la mnazi likishapanda halinenepi hivyo. Kwa hiyo vidato vya mwembe hufunguliwa wakati wa kushuka, cha juu kwanza, mkwezi akiwa amesimama juu ya kinachofuata na vilivyokwisha kufunguliwa vikining'inia begani. Vya mnazi vinaweza kungoja zamu nyingine ya kuangua nazi, mradi kamba ibadilishwe kwanza.