Kitenzi cha Kiingereza "annoy": maana, asili na matumizi

Mwanafunzi wa Kikongo anayejifunza Kiingereza akiwa na Kifaransa kichwani hukutana mara nyingi na maneno yenye sura za kufanana na maana za kutofautiana. Kitenzi "annoy" ni kimojawapo. Akisema "I am annoyed" mbele ya mwalimu, huku akikusudia "je m'ennuie", atakuwa amemwambia kwamba ameudhiwa, ilhali alitaka kusema kwamba somo halimvutii. Kwa Kiingereza angesema "I am bored". Kisarufi sentensi yake haina kasoro. Kosa liko katika maana, nalo laweza kuzaa ugomvi.

1. Maana

"Annoy" ni kumtia mtu hasira ndogo, hasa kwa jambo linalorudiwarudiwa: kelele za jirani, maswali yasiyokwisha, mlango unaobamizwa kila saa. Anayetendewa hivyo hukunja uso, lakini hajaghadhibika. Kwa ghadhabu Kiingereza kina "infuriate". Tafsiri zilizo karibu zaidi ni kuudhi na kukera.

2. Asili

Chimbuko lake ni usemi wa Kilatini "in odio", yaani "katika chuki". Kutokana nao kilizaliwa kitenzi "inodiare", kikarithiwa na Kifaransa cha kale, kisha kikaingia Kiingereza baada ya Wanormani kuitwaa Uingereza mwaka 1066. Zamani kiliweza kumaanisha hata kudhuru: katika karne ya 18 waandishi wa mambo ya vita bado walisema "annoy the enemy", yaani kumshambulia adui na kumdhoofisha. Kivumishi "noisome", chenye maana ya kudhuru au kunuka vibaya, kimetoka humo pia, wala hakina uhusiano na "noise", kelele.

Kifaransa kilifuata njia nyingine. "Ennuyer" bado huweza kumaanisha kusumbua, lakini "s'ennuyer" na "ennui" zimeelekea kwenye uchovu wa moyo. Baadaye Kiingereza kiliazima "ennui" kwa maana hiyo mpya. Hivyo neno moja limeingia humo mara mbili.

Kiswahili nacho kina mfano wa aina hii. Kubughudhi kumetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya chuki, na leo hutumika sana kwa maana ya kusumbua. Hivyo, lugha zisizo za ukoo mmoja zimepita njia moja: neno la chuki limepungua ukali hadi kuwa neno la usumbufu.

3. Matumizi

Kitenzi hiki huhitaji yambwa: "the noise annoys me". "Annoying" husemwa juu ya kinachoudhi, na "annoyed" juu ya aliyeudhiwa. Kuyabadilisha ni kumgeuza mlalamikaji kuwa mkosaji. Kwa mtu husemwa "annoyed with", kwa jambo "annoyed about" au "annoyed at".

Pia kisichanganywe na "harass", ambalo ni kumwandama mtu, tendo ambalo Uingereza ilitungia sheria mwaka 1997. Kifaransa chake ni "harceler". "Harasser" ni kuchosha mno.

Mfasiri wa Kiswahili naye apime uzito. Kusumbua hufaa mara nyingi, lakini kumezaa pia "masumbuko", neno la mateso na dhiki. Aliyepigiwa kelele na jirani ameudhiwa. Aliyefukuzwa kwake na vita yumo katika masumbuko. "Annoy" ni la yule wa kwanza peke yake.