Gari Linalowaka Bila Dereva

Labda umepata kuijua baridi ya Makete mwezi wa Julai, ambapo umande huweza kuganda majanini. Lakini baridi ya Winnipeg, mji wa nchi ya Kanada, ni kubwa kuliko hiyo. Usiku wa Januari inaweza kufika hata nyuzi 30 chini ya sifuri.

Katika baridi ya namna hiyo motokaa nayo hupata taabu. Mafuta ya injini huwa mazito kama samli iliyoganda. Betri nayo hulegea: kwa nyuzi 18 chini ya sifuri, nguvu yake huweza kupungua karibu nusu. Ndiyo maana Bwana Andrew Freeman, wa Grand Forks katika jimbo la North Dakota, Marekani, alitengeneza kifaa cha umeme cha kupasha injini moto, akapewa hati ya uvumbuzi mwaka 1949. Hata leo huko Winnipeg utaona magari yenye waya wa umeme ukining'inia mbele.

Siku hizi iko na njia nyingine. Mwenye gari hukaa ndani kwake akinywa chai, hubonyeza kidude kidogo, na injini huko nje hujiwasha yenyewe. Akitoka, gari lina joto. Kwa gari linalobadili gia lenyewe, hatari yake ni ndogo, maana likisimamishwa vizuri mtambo wake hujifunga. Lakini gari la gia za mkono ni habari nyingine.

Kwa nini? Madereva wengi huliacha gari katika gia ya kwanza ili lisiteremke lenyewe. Kwenye theluji wana sababu zaidi: waya wa breki ya mkono ukiingiwa na maji huganda, na asubuhi breki haiachii. Basi fikiri mwenyewe. Gari limo katika gia, hakuna mguu juu ya klachi, na stata inazungushwa kwa amri ya mtu aliye sebuleni. Gari litaruka! Je, kama mtoto anacheza mbele yake, nani atakanyaga breki? Mtambo hauna macho.

Kwa hiyo mafundi waangalifu huweka utaratibu maalumu. Jioni, injini ikiwa bado inanguruma, dereva huweka gia huru, huvuta breki ya mkono, hubonyeza kidude, kisha huchomoa ufunguo. Injini huendelea kuwaka. Hutoka, hufunga milango, ndipo injini huzimika yenyewe. Kwa njia hii imehakikishwa kwamba gia ni huru, na hakuna mtu ndani wa kuigusa. Mlango ukifunguliwa baadaye, mtambo hukataa kuwasha mpaka utaratibu uanzwe upya.

Wako wanaoona jambo hili kuwa ni usumbufu, wakatafuta fundi wa kuliondoa. Hao wanajiokolea dakika moja kwa kuhatarisha maisha ya jirani. Na yule ambaye breki yake huganda, asitumie kidude hicho kabisa. Aamke mapema, aende mwenyewe na ufunguo, akanyage klachi, awashe.

Iko hatari ya pili, nayo ni moshi. Gari lisiwashwe kamwe ndani ya banda lililofungwa, hasa lililoungana na nyumba. Moshi wake una kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Ndiyo ile ile inayoua watu hapa kwetu wanapolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa.

Basi, mzazi, kama una mwana anayesoma au kufanya kazi katika nchi za baridi, mwandikie mambo haya matatu. Gia iwe huru na breki ya mkono ivutwe kila jioni. Gari liwe nje, mahali tambarare. Na kabla ya kubonyeza, achungulie dirishani aone nani yuko karibu. Mwambie pia kwamba akiona gari tupu limesimama, asipite kati yake na ukuta, maana laweza kuwaka wakati wowote, na aliyeliwasha hamwoni.