Mhandisi Aliyezifungulia Meli za Nafaka

Wanangu, yule mzee wa Kireno mnayemsikia kwenye taarifa ya habari, António Guterres, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, hakuanza na siasa. Alisomea umeme.

Alizaliwa Lisbon mwaka 1949, Ureno ikitawaliwa kidikteta na Salazar. Alipenda fizikia, akahitimu uhandisi mwaka 1971, akabaki chuoni kufundisha mifumo na mawimbi ya mawasiliano. Huku anasoma, alikuwa akienda na wanafunzi wenzake kujitolea kwenye mitaa ya mabanda. Umaskini wa huko ulimvuta kwenye siasa.

Lakini siasa gani, chini ya dikteta? Hapo ndipo habari hii inapotugusa sisi. Ureno ilikuwa vitani kwenye makoloni yake ya Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji, na wapigania uhuru wa Msumbiji, Frelimo, wenye makao yao Dar es Salaam, hawakuwapa askari wa Kireno usingizi. Askari wakachoka. Tarehe 25 Aprili 1974 waliipindua serikali yao wenyewe. Mwaka huohuo Guterres akajiunga na Chama cha Kisoshalisti, 1976 akaingia bungeni, na kuanzia 1995 hadi 2002 akawa waziri mkuu. Kwa maoni yangu, wapiganaji wa Msumbiji walimfungulia mlango na yeye pia.

Kuanzia 2005 hadi 2015 aliongoza shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi. Julai 2011, njaa ilipowakimbiza Wasomali, alifika Dadaab, Kenya, kwenye kambi zilizojengwa kwa watu 90,000 zikiwa zimebeba zaidi ya 350,000. Katika kipindi chake Tanzania iliwapa uraia Warundi zaidi ya 160,000, watu waliokimbia kwao mwaka 1972 pamoja na watoto wao.

Mwaka 2017 akawa Katibu Mkuu. Februari 2022 Urusi ikaivamia Ukraine, bandari za Ukraine kwenye Bahari Nyeusi zikafungwa, nafaka zikakwama maghalani. Bei ya ngano ikapanda duniani, hata unga wa chapati zetu. Guterres akaenda Moscow, kisha Kyiv, ambako makombora yaliupiga mji yeye akiwa bado humo.

Sasa tazameni kichwa cha mhandisi. Kuzima vita kulikuwa nje ya uwezo wake, basi akatafuta mahali palipoziba. Ukraine ilikuwa imetega mabomu baharini kwa kuhofia manowari. Urusi ilihofia meli zitarudi na silaha. Ikachorwa njia moja salama, na Istanbul wakawekwa wakaguzi wa Urusi, Ukraine, Uturuki na Umoja wa Mataifa, wanapekua meli zikienda na zikirudi. Mahasimu hawakukubali kutia saini karatasi moja, kwa hiyo tarehe 22 Julai kila mmoja akapewa yake, na Uturuki na Umoja wa Mataifa wakazitia saini zote mbili.

Tarehe 1 Agosti meli Razoni iling'oa nanga Odesa na tani zipatazo 26,000 za mahindi. Kabla Urusi haijajitoa Julai 2023, karibu tani milioni 33 zilikuwa zimepita, na shehena nyingine ya ngano ilishushwa Djibouti kwa ajili ya Waethiopia wenye njaa.

Wapo wanaomlaumu kwa vita alivyoshindwa kuvizima. Lakini Katibu Mkuu hana jeshi, na wenye kura ya turufu ni wengine. Mimi nampima kwa meli zile, na kwa kipimo hicho kazi aliifanya.