Baiskeli ya kukunja: Umbo dogo, lakini si ya mtoto

“Chukua hii mama, ni ya mtoto kabisa. Angalia tairi zake zilivyo ndogo.”

Mzazi anayezunguka kwenye mabanda ya baiskeli za mitumba Dar es Salaam au Zanzibar hakosi kuambiwa maneno kama hayo. Kando ya baiskeli kubwa zenye kapu mbele husimama zile za kukunja: fremu ya chini, bomba refu la kiti na bawaba katikati. Muuzaji anafungua kifungio, anaikunja mara mbili mbele ya mteja, na baiskeli nzima inaingia kwenye buti ya gari au pembeni ya kabati.

Kwa familia ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu, hilo peke yake linatosha kumfanya mtu afungue pochi. Baiskeli inalala ndani, haiachwi koridoni kusubiri mwizi.

Shida iko kwenye hilo neno “ya mtoto”.

Baiskeli nyingi za kukunja zimetengenezwa kwa ajili ya watu wazima. Brompton, iliyo maarufu kuliko zote, ilibuniwa na Andrew Ritchie jijini London kuanzia mwaka 1975, na wanaoitumia zaidi ni watu wanaotoka nyumbani, wanapanda treni, kisha wanamalizia safari ya ofisini kwa pedali. Magurudumu yake ni ya inchi 16, sawa na ya baiskeli ya mtoto wa chekechea, lakini bomba la kiti linapanda hadi kumtosha mwanaume mrefu. Udogo wa gurudumu ni kwa ajili ya kubana nafasi ikikunjwa. Umri wa mwendeshaji haumo katika hesabu hiyo.

Udogo huohuo ndio unaobadilisha namna baiskeli inavyokwenda, na mzazi anatakiwa kuujua kabla ya kulipa.

Usukani mwepesi

Mtu aliyezoea Phoenix au baiskeli nyingine kubwa ya inchi 28 akipanda ya kukunja kwa mara ya kwanza, jambo la kwanza analoliona ni usukani. Unageuka haraka mno. Mkono ukisogea kidogo tu, gurudumu la mbele limeshakwenda. Gurudumu kubwa ni zito na likishazunguka hupenda kubaki kwenye mstari wake. Dogo ni jepesi na husikiliza kila mtikisiko wa mkono.

Mjini wepesi huo una raha yake. Baiskeli inaondoka haraka pale magari yanaposimama, inakata kona ndani ya eneo dogo, na kwa kuwa fremu iko chini, mama aliyevaa gauni au dera hahitaji kurusha mguu juu ya bomba. Mtu mzima huzoea ndani ya siku mbili au tatu.

Mtoto ni habari nyingine. Kumwonyesha dereva kwamba unakata kushoto au kulia lazima utoe mkono mmoja kwenye usukani, na hapo ndipo baiskeli ya kukunja huyumba. Akining’iniza begi la shule kwenye usukani upande mmoja, huyumba zaidi. Mtoto anayemudu vizuri baiskeli ya inchi 24 au 26 anaweza kupepesuka kwenye hii iliyo ndogo, na mzazi akabaki anashangaa kwa nini.

Shimo lilelile, kina tofauti

Halafu kuna barabara zetu. Chukua shimo lenye upana wa sentimita 30, lile ambalo kila mtaa unalo. Gurudumu la inchi 28 likipita juu yake huzama kama sentimita tatu na nusu kabla ya kugusa ukingo wa mbele. La inchi 20, ambalo ndilo la baiskeli nyingi za kukunja zinazouzwa hapa, huzama sentimita tano. La inchi 16 huzama zaidi ya sita. Wala si kuzama tu: gurudumu dogo huugonga ukingo karibu uso kwa uso, wakati kubwa huupanda kwa mteremko. Shimo ambalo baba analipita kwenye baiskeli yake bila hata kuacha kupiga mluzi linaweza kumrusha mtoto anayemfuata nyuma.

Mchanga nao ni hivyohivyo. Kwenye njia za mchanga mlaini gurudumu dogo huzama na la mbele huteleza ghafla pembeni, hasa ukiwa unakata kona. Anayeishi eneo kama hilo na kilomita moja ya kwanza ya safari yake ni mchanga, afadhali abaki na baiskeli kubwa na atafute pa kuifungia. Kwenye lami nzuri au njia za waenda kwa miguu na baiskeli kando ya barabara kuu, malalamiko mengi ya gurudumu dogo huisha.

Gurudumu dogo si kosa la ufundi. Mhandisi Alex Moulton wa Uingereza alilithibitisha hilo mwaka 1962 alipotoa baiskeli yenye magurudumu madogo iliyokwenda kasi; siri yake ilikuwa upepo mwingi kwenye tairi na springi za kumeza mitikisiko. Somo la kwanza kati ya hayo mawili ni la bure kwa kila familia: pampu. Tairi dogo likiwa na upepo mdogo huwa zito kupita kiasi na rimu hupigwa kwenye kila shimo. Kiwango kimeandikwa ubavuni mwa tairi lenyewe.

Kuna wanaoamini kwamba gurudumu dogo maana yake ni kukanyaga pedali mara nyingi zaidi. Si lazima iwe hivyo. Ni kweli kwamba la inchi 20 linazunguka zaidi ya mara 600 kwa kilomita moja wakati la inchi 28 halifiki 500, na ndiyo maana tairi zake huisha mapema. Lakini watengenezaji hufidia kwa kuweka gia kubwa ya mbele, pale kwenye pedali, ili mzunguko mmoja wa mguu ukupeleke mbali kama kwenye baiskeli ya kawaida. Ukiona gia ya mbele ni ndogo na baiskeli haina gia za kubadilisha, hapo jiandae kuchapa miguu.

Kwenye kilima, usisimame juu ya pedali na kuvuta usukani kama ilivyo kawaida kwenye baiskeli kubwa. Bomba la usukani ni refu na lina bawaba chini. Linapinda kidogo chini ya mikono, na hisia yake haipendezi. Kaa, teremsha gia, panda taratibu.

Asipakiwe mtu

Jambo linalohitaji msimamo nyumbani ni keria. Baiskeli kubwa ya zamani yenye uzito wa karibu kilo 20 imebeba magunia, madumu na watoto wawili wa shule kwa miaka mingi, na wazazi wengi wamekulia juu ya keria hiyo. Ni rahisi kudhani kila keria iko hivyo. Keria ya nyuma ya Brompton imetengenezwa kubeba kilo 10 tu. Hata dumu moja la maji la lita 20 limeshazidisha mara mbili, na mtoto wa darasa la pili ni mzito kuliko dumu. Keria za baiskeli nyingine za kukunja zinatofautiana, lakini kama hakuna namba iliyoandikwa, asipakiwe mtu. Bawaba ya katikati ikiachia barabarani baiskeli hujikunja na waliomo juu yake.

Begi la shule ni sawa. Kwa kweli hapo baiskeli ya kukunja inaizidi kubwa, kwa sababu keria yake iko chini na mzigo hauivuti huku na kule. Begi liondoke mgongoni kwa mtoto, lifungwe kwa mpira nyuma.

Kwa upande mwingine, kuna faida ambayo wauzaji huisahau kwa kung’ang’ania hoja ya mtoto: baiskeli moja inaweza kutumiwa na nyumba nzima. Baba anashusha kiti, mama anaichukua kwenda sokoni. Jioni kijana wa miaka 13 anashusha tena. Kila bomba la kiti lina alama inayoonyesha mwisho wa kulivuta juu. Ikionekana nje, bomba limetoka kupita kiasi na linaweza kuvunjika.

Dakika kumi kabla ya kulipa

Ya mtumba ikaguliwe ikiwa imekunjuliwa. Simama pembeni yake, bana breki ya mbele, kisha isukume mbele na nyuma. Kama kuna kitu kinacheza au kugonga “tak tak” kwenye bawaba ya fremu au ya usukani, ni ya kuacha, hata kama rangi inang’aa. Pitisha kidole kwenye sehemu zilizochomelewa karibu na bawaba ukitafuta ufa. Kifungio kizuri hukaza kwa nguvu ya mkono na kina kipini cha pili cha kukizuia kisifunguke chenyewe.

Halafu soma tairi. Inchi 20 ziko za aina mbili na haziingiliani. Yenye namba 406 ni sawa na ya BMX, na tairi na tyubu zake hazisumbui kupatikana. Yenye 451 ni nyembamba na kubwa kidogo, na kuipata inaweza kuwa kazi. Fundi wa mtaani aulizwe kwanza, kabla ya muuzaji kupewa hela.

Muuzaji akubali ijaribiwe, na ajaribu yule atakayeiendesha, siyo mzazi kwa niaba yake. Aende moja kwa moja, asimame ghafla kwa breki zote mbili, kisha apite mahali tupu akiwa ameshika usukani kwa mkono mmoja na mwingine ameunyoosha kama anayekata kulia. Kama mkono unarudi haraka kwenye usukani kabla ya hatua tano, inunuliwe kwa ajili ya mama au baba, na mtoto apewe Jumapili kadhaa za uwanjani kabla ya kuiona barabara ya shule.