Uliposema "Yes", Ulitaka Kusema Nini?

Ndugu wasomaji, mwezi huu tuzungumze juu ya kaneno kadogo ambako kila mtu hapa kambini anadhani anakajua. Hata mtoto wa miaka mitatu anakasema. Kaneno kenyewe ni "yes". Mimi pia nilidhani nakajua, mpaka siku nilipompeleka kijana wangu mdogo kwenye kituo cha afya.

Mtoto alikuwa na homa tangu usiku. Tulifika mapema, tukapanga foleni, na saa tatu zamu yetu ikafika. Siku hiyo mkalimani hakuwepo, na nesi hakujua Kiswahili. Nikasema moyoni: si kitu, Kiingereza kidogo ninacho. Nesi akaniuliza, "You haven't given him any medicine today?" Nikaelewa vizuri kabisa. Ananiuliza, leo hujampa dawa yoyote? Nikajibu kwa sauti ya mtu aliyesoma: "Yes." Maana yangu ilikuwa: ndiyo, ni kama unavyosema, sijampa.

Nesi akaandika kwenye daftari lake, akatuonyesha benchi, tukangoja. Waliokuja nyuma yetu wakapewa dawa, wakaenda zao. Wangu anawaka kama jiko. Jua likapanda, tumekaa tu. Nikaanza kununa na kusema, basi sisi wengine hatuonekani hapa.

Saa saba binti yangu wa darasa la tano akatoka shule kwa chakula cha mchana, akapita kutuangalia. Nikamsimulia yote. Akaniangalia sana.

"Papa, alikuuliza kama hukumpa dawa. Wewe ukamwambia ulimpa."

"Nilimwambia nini? Mimi nilisema yes, sikumpa!"

"Papa, pale yes ni kusema umempa."

Akasimama, akaenda kwa nesi na kumwambia: "My father has not given him any medicine." Nesi akashika kichwa. Kumbe alikuwa anangoja saa zipite, maana dawa ya homa hairudiwi haraka haraka, ikizidi inadhuru. Mtoto akapewa dawa palepale, na jioni homa ilikuwa imeshuka. Mungu ni mwema. Lakini zile saa nne kwenye benchi sijazisahau. Na hakuna aliyefanya ubaya. Nesi aliuliza kwa kawaida ya lugha yake, mimi nikajibu kwa kawaida ya lugha yangu.

Sisi tunamjibu mtu, wao wanajibu tendo

Tuangalie kwanza Kiswahili chetu. Jirani akikuuliza, "Hujala?", na kweli hujala, unajibu, "Ndiyo, sijala." Kama umekula unajibu, "Hapana, nimekula." Ile "ndiyo" yetu inamwelekea aliyeuliza. Inamwambia: umesema kweli. Na "hapana" inamwambia: hapo umekosea.

"Yes" ya Kiingereza haimwelekei muulizaji. Inaangalia tendo lenyewe. Limefanyika au halikufanyika? Kama limefanyika ni "yes", hata akuulize kwa mlango gani. Kama halikufanyika ni "no", hata akuulize kwa mlango gani. Angalieni:

"Have you eaten?" Umekula?
"Haven't you eaten?" Hujala?
"You have eaten, haven't you?" Umekula, sivyo?
"You haven't eaten, have you?" Hujala, sivyo?

Maswali manne, lakini majibu ni mawili tu. Kama umekula, kwa yote manne unajibu "Yes, I have." Kama hujala, kwa yote manne unajibu "No, I haven't." Swali linageuka, jibu halitikisiki.

Hapo utaona kwamba maswali ya kawaida, yale yasiyo na "not", hayatusumbui. "Are you from Bunia?" Kama unatoka Bunia ni "yes", kama hutoki ni "no", sawasawa na kwetu. Shida inaanza pale "not" inapoingia. Na "not" ina tabia ya kujificha. Mara nyingi haisikiki nzima, inabaki kale kasauti ka mwisho: "haven't", "don't", "isn't", "didn't". Kelele ikiwa nyingi hukasikii. Ukisikia kako, kaa macho.

Si sisi peke yetu

Msione haya, wala msiseme Kiswahili chetu kina makosa. Wajapani na Wakorea pia wanajibu kama sisi, wanamkubali au kumkatalia muulizaji. Ni njia nzuri, ina adabu yake. Ila si njia ya Kiingereza.

Waliosoma Kifaransa kule nyumbani wana msaada mmoja. Mtakumbuka kwamba mwalimu akiuliza, "Tu n'as pas mangé?", na wewe umekula, husemi "oui", unasema "si". Kifaransa kimeweka neno maalum la kumkatalia mtu aliyeuliza kwa kukanusha. Kiingereza cha leo hakina neno hilo. Pale pa "si", Mwingereza anatia "yes" ileile na kuisukuma kwa sauti: "Yes, I have!"

Lakini zamani Waingereza nao walikuwa na maneno manne. Kwa swali la kawaida walijibu "yea" au "nay". Kwa swali lenye kukanusha walijibu "yes" au "no". Yaani "yes" yenyewe ilizaliwa kama ile "si" ya Kifaransa. Kufika karne ya 16 watu walikuwa wameanza kuyachanganya. Miaka ya 1530 mwanachuoni Thomas More alimsema vikali William Tyndale, mtafsiri wa Biblia, kwa kuandika "no" mahali ambapo, kwa maoni ya More, ilipaswa kuwa "nay". Tyndale mwenyewe wakati huo alikuwa amekimbia nchi yake, anafanya kazi ya kutafsiri ugenini. Basi wenye lugha wenyewe waligombana juu ya maneno haya. Sisi tukikwama kidogo, tusijicheke sana.

Mahali ambapo kosa linauma

Hapa Uganda Kiingereza ni lugha ya ofisi tangu uhuru wa mwaka 1962. Kiswahili kiliwekwa katika Katiba mwaka 2005 kuwa lugha rasmi ya pili, lakini ukifika mbele ya meza, mara nyingi kalamu inaandika Kiingereza. Na kalamu haiulizi mara mbili. Fikirieni maswali haya:

"You don't have any other children?" Huna watoto wengine? Ukijibu "Yes" peke yake, mwandishi anaweza kuelewa unao wengine, akangoja uwataje.

"She isn't pregnant?" Si mjamzito? "Yes" hapo ni kusema ana mimba, na ziko dawa ambazo mama mjamzito hapewi.

"You have never been registered before?" Hujawahi kuandikishwa? Ukisema "Yes", unaweza kuonekana umewahi. Kesho ukisema hapana, utaonekana unabadilisha maneno, na kumbe hujasema uongo hata mara moja.

Kuna na mtego mwingine, ule wa "Do you mind". Mtu akikuambia, "Do you mind waiting?", hakuulizi kama utangoja. Anauliza kama ukingoja utaudhika. Mwenye kukubali anajibu "No", yaani hapana, siudhiki. Ukisema "Yes" kwa adabu yako yote, unakuwa umemkatalia. Usalama ni kujibu kwa tendo: "I will wait." Hapo hakuna wa kukosea.

Dawa yake: usiache neno moja peke yake

Ndugu zangu, sarufi nzima ya Kiingereza hatuwezi kuimaliza kwenye karatasi hii. Lakini hili moja kila mtu analiweza, mzee kwa kijana. Usijibu neno moja. Maliza sentensi.

Mimi siku ile ningesema "Yes, I have not given him", Kiingereza kingekuwa kibovu, maana "yes" na "not" haziingii chungu kimoja. Lakini nesi angeshtuka na kuniuliza tena, na mtoto angepata dawa yake. Na ningesema "I have not given him medicine" bila "yes" wala "no", ingetosha kabisa. Sentensi nzima inajieleza. Neno moja linaegemea swali, na kama swali hukulisikia vizuri, neno lako linaanguka upande usioujua.

Kama hujaelewa, usitikise kichwa kwa heshima. Sema, "Please ask again." Kama jambo ni zito, la ugonjwa au la karatasi za familia, omba mkalimani. Na kabla hujaondoka mezani sema, "Please read my answer." Wakusomee walichoandika. Si utovu wa adabu kuomba hivyo.

Zoezi la jioni

Baada ya chakula, kaeni familia nzima. Mtoto anayesoma shule awe mwalimu. Aulize maswali yenye "not", haraka haraka: "You don't like beans?" "You didn't fetch water today?" "Papa isn't at home?" Kila mmoja ajibu kwa sentensi nzima. Anayejibu neno moja, kesho anabeba jerikani la kwanza.

Kwetu tumecheza wiki ya tatu sasa. Mama wa nyumbani ametushinda wote. Mimi nimebeba jerikani mara nne, na juzi tena nilijibu "Yes" nikakumbuka nimechelewa. Binti hanionei huruma. Ananiambia, "Papa, malizia sentensi."