Mama Albertina Sisulu, Nguzo ya Nyumba Yake

Tarehe 2 Juni 2011 alifariki Mama Albertina Sisulu wa Afrika ya Kusini, mwenye umri wa miaka 92. Watu wengi wamtaja kuwa mke wa Walter Sisulu, yule mwenzi wa Nelson Mandela kifungoni. Ni kweli, lakini haitoshi. Miaka ile yote baba alipokuwa gerezani, ni nani aliyewalisha watoto na kuwasomesha? Habari hiyo ndiyo twataka kuwasimulia wasomaji wetu, hasa ninyi wanafunzi.

Alizaliwa tarehe 21 Oktoba 1918 katika kijiji cha Camama, upande wa Transkei. Baba yake alifariki yeye angali mtoto. Mama yake hakuwa na afya njema, na kwa kuwa Albertina alikuwa binti mkubwa, alipaswa kuwalea wadogo zake. Mara kwa mara aliacha masomo kwa ajili yao. Kwa sababu hiyo, aliposhinda shindano la kupata msaada wa karo, alinyimwa msaada huo: umri wake ulikuwa umepita kiasi kilichowekwa. Mapadri walipopata habari hiyo walimtafutia nafasi katika shule ya misioni ya Mariazell, akaingia mwaka 1936. Wakati wa likizo, wenzake walipokwenda kwao, yeye alibaki kulima mashamba ya misioni na kufua nguo, apate kulipa gharama ya chakula na malazi.

Alitamani sana kuwa sista. Padri mmoja alimweleza ya kuwa sista hapati mshahara, nao wadogo zake walikuwa wakimtegemea yeye. Alifikiri, kisha akachagua kazi ya kuuguza wagonjwa, maana mwanafunzi wa kazi hiyo hulipwa hata siku za mafunzo. Mwezi wa Januari 1940 alianza kazi katika hospitali kuu ya Johannesburg, katika sehemu iliyotengwa kwa watu weusi.

Mwaka 1944 alifunga ndoa na Walter Sisulu. Walizaa watoto watano, tena waliwalea watoto wa ndugu zao kama wao wenyewe. Mwaka 1954 alipata shahada ya ukunga. Mkunga wa siku zile hakuwa na gari: alikwenda kwa miguu nyumba hata nyumba, sanduku la dawa na vyombo likiwa kichwani, akiwapokea watoto wa watu maskini.

Wala hakuogopa kusema. Tarehe 9 Agosti 1956 alikuwa kati ya wanawake yapata 20,000 waliokwenda Pretoria kuikataa sheria ya kuwalazimisha wanawake weusi kuchukua pasi. Mwaka 1963 alikamatwa yeye mwenyewe, akafungiwa peke yake bila kuhukumiwa, nao askari wakamsumbua moyo kwa maneno juu ya mume wake na watoto. Mwaka uliofuata Walter alihukumiwa kifungo cha maisha.

Wasomaji wapenzi, fikirini hali ya nyumba ile. Mume hayupo. Serikali yamkataza mama kuhudhuria mikutano, na kwa miaka mingi yamkataza hata kutoka nyumbani usiku. Mshahara wa muuguzi ni mdogo, na watoto ni wengi. Mama Albertina aliamka kila asubuhi, akaenda kazini, akarudi kabla ya saa ya marufuku. Hakukubali watoto wake wapate elimu duni iliyowekwa kwa Waafrika. Baadhi yao aliwapeleka kusoma Swaziland. Amri hizo zilifuatana, moja baada ya nyingine, karibu miaka 17.

Taabu haikuishia hapo. Mwanawe Zwelakhe alikuwa mhariri wa New Nation, gazeti la Maaskofu Wakatoliki wa nchi ile. Mwishoni mwa mwaka 1986 alifungwa bila hukumu, akakaa gerezani hata Desemba 1988. Hivyo mama huyu alikuwa na mume kifungoni, na mwana pia, naye angali akiwahudumia wagonjwa katika dispensari ya Soweto, umri wake ukikaribia miaka 70.

Oktoba 1989 Walter alirudi nyumbani baada ya miaka 26. Mwezi wa Mei 1994, Mama Albertina alisimama bungeni akalitaja jina la Nelson Mandela ili achaguliwe kuwa rais. Walter alifariki mwaka 2003. Yeye aliishi miaka minane zaidi, naye alifariki nyumbani kwake, ameketi pamoja na wajukuu.

Hata katika nchi yetu nyumba nyingi zasimama kwa nguvu za mama mmoja au bibi mmoja, kwa kuwa vita, machimbo au kifo kimemwondoa baba. Magazeti hayataji majina yao. Ninyi wanafunzi mnaokula chakula cha mikono yao, ketini nao jioni. Waulizeni walizaliwa wapi, waliacha nini kwa ajili yenu, ni nani aliyewasaidia. Andikeni majibu yao katika daftari, wangali hai na akili zao nzima. Siku watakapoondoka, watoto wenu watataka kujua.